Siku Tatu kwa Baiskeli, Nairobi hadi Naivasha: Yanayomhusu Anayetaka Kujiunga

Haya ni mazungumzo ya mwongozaji wa misafara ya baiskeli na wakazi wa Kangemi, Uthiru na Kawangware. Tumeyachapisha jinsi yalivyotolewa, ila maswali ya ukumbini tumeyaacha nje.



Nimeombwa nieleze jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kujiunga na msafara wa baiskeli wa siku kadhaa, ule unaotoka mjini, unapita mashambani, kisha unarudi mjini. Nitaeleza. Lakini wengi wanaonisimamisha njiani kuniuliza habari za safari hii huuliza kuhusu mteremko wa Mai Mahiu, wanyama wa Hell's Gate na bei ya baiskeli. Sijapata mtu wa kuniuliza tutapitaje Westlands. Mimi naona kazi iko hapo.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Tangu mwaka 2003 kuna msafara unaotoka Cairo mwezi Januari na kuishia Cape Town baada ya miezi minne hivi, karibu kilomita 12,000. Hao walikuwa wakiingia Kenya kupitia Moyale, wakishuka Marsabit, Isiolo na Nanyuki, wakapumzika hapa Nairobi kabla ya kuelekea Namanga. Si wote hutoka Cairo. Wako waliojiunga nao Nairobi, na wako ambao safari yao iliishia hapa. Mtasema hao ni wageni wenye pesa. Basi tazameni karibu. Pale Kikuyu, David Kinjah amelea vijana wa baiskeli kwa miaka mingi, na mmoja wa waliojifunza kwake ni Chris Froome, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Vilima walivyofanyia mazoezi ni hivi vyetu vya Kikuyu na Limuru. Na hapo katikati ya jiji kuna desturi ya watu kukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi na kuendesha pamoja, kila mtu na baiskeli aliyo nayo. Kwa mgeni wa mambo haya, hapo ndipo pa kuanzia, si Naivasha.

Sasa njia yenyewe. Kutoka katikati ya jiji hadi Naivasha kwa barabara ya Mai Mahiu ni kama kilomita 90. Kuna anayezimaliza kwa asubuhi moja. Sisi tunapanga siku tatu kwa sababu msafara ni wa watu wote, na mwendo wa kundi ni mwendo wa yule wa mwisho.

Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Limuru imepita mita 2,200. Kwa hiyo siku ya kwanza, kilomita 30 za mwanzo ni kupanda tu: Westlands, Kangemi, Uthiru, Kinoo, Kikuyu, hadi Rironi. Si mlima wa kutisha, ila hauishi. Mtu akianza kwa pupa pale Kangemi, Kinoo atakuwa amekaa kando ya barabara akishika tumbo. Gia nyepesi, pumzi ya kutosha kuzungumza na jirani yako. Ukishindwa kuzungumza, unaenda kasi mno. Julai na Agosti vaeni nguo nzito, ukungu wa Limuru hauna huruma. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, tunaiepuka tukiweza.

Baada ya Rironi barabara ya chini inaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Sehemu hii ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kile kikanisa chao kidogo cha mwaka 1942 bado kiko pale kando ya barabara. Tunasimama hapo kila safari, na sababu kubwa ni kupoza breki. Mteremko ni mrefu, malori ni mengi, na barabara ni nyembamba kiasi kwamba lori likikupita unausikia upepo wake ukikuvuta. Anayeteremka huku ameshika breki mfululizo huchoma raba zake. Bana, achia, bana, achia, breki zote mbili, na kati yako na wa mbele acha nafasi ya baiskeli tano au sita. Hapa hakuna kwenda wawili wawili.

Mai Mahiu tunalala mapema. Siku ya pili ni kupita chini ya Longonot hadi Naivasha, halafu Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache ambazo unaruhusiwa kuingia na baiskeli ukapita katikati ya pundamilia na swara. Ni sehemu tamu ya safari na sitaisemea sana, mtajionea. Ila korongo la mle ndani ni jambo jingine. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo Aprili 2012 na tena Septemba 2019. Maji hutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, wewe umesimama penye jua. Askari wa mbuga wakisema korongo limefungwa, msibembeleze.

Siku ya tatu ni kurudi, na hapa nina maoni ambayo wenzangu wengine hawakubaliani nayo. Kupanda kutoka Mai Mahiu kurudi Rironi kwa baiskeli Jumapili mchana, magari yote ya wikendi yakirudi jijini, mimi sikubali kuongoza. Tunatoka alfajiri, au tunakodi pikapu ya kubeba baiskeli kipande hicho. Vijana hunung'unika kwamba hiyo si safari kamili. Sawa. Zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani Kenya kila mwaka, kundi kubwa zaidi likiwa la watu wanaotembea kwa miguu, na mwendesha baiskeli hana bati la kumkinga kama wao. Sioni sifa ya kupanda mlima wote kwa miguu yako ikiwa mama yako ataletewa baiskeli bila wewe.

Kisha tunaingia mjini, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu amekuwa siku tatu nje. Miguu imechoka, moyo umefurahi, anaona maghorofa ya Westlands, anajiona ameshafika nyumbani. Kundi linalegea. Wa mbele anakimbilia kumaliza, wa nyuma anaachwa. Na hapo ndipo tunapokutana na stendi ya Kangemi: matatu inasimama ghafla, mlango unafunguka upande wako, abiria anashuka bila kutazama, bodaboda inakuja kinyume kwenye njia yetu, na mkokoteni wa viazi umesimama mbele kwa sababu mwenye mkokoteni hana pengine pa kusimama. Silaumu yeyote kati yao. Wanatafuta riziki, na hiyo njia ya pembeni tunaigawana sote. Barabara ya James Gichuru hadi Rironi ilipopanuliwa tulipata njia za pembeni na madaraja ya waenda kwa miguu, na ni msaada mkubwa. Ila ukifika stendi, kwenye njia ya pembeni shuka usukume. Nusu dakika.

Mbele ya hapo, Westlands, kuna pale magari yanapochepuka kupanda Expressway. Barabara ile ya juu, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu baiskeli. Dereva anayeikimbilia anakata kushoto au kulia akitazama kibao, si wewe unayekwenda moja kwa moja. Kisha Museum Hill, kisha mzunguko wa University Way. Kwa kundi la watu ishirini, wengine wao wakiwa hawajawahi kuendesha mjini, njia hiyo siitumii tena. Tunaiacha Waiyaki Way pale James Gichuru, tunapita Lavington na Kileleshwa, tunatokea barabara ya State House hadi University Way. Ni ndefu kidogo na ina vilima viwili vya kukera, lakini magari yake yanakwenda polepole. Wanaotoka Kawangware na Riruta huachana nasi mapema, Uthiru, na kushika Naivasha Road hadi kwao. Jina la barabara hiyo huwafurahisha wageni: umetoka Naivasha, ukarudi nyumbani kwa Naivasha Road.

Sasa, kundi lenyewe linaendeshwaje? Mbele yuko mtu mmoja anayejua njia, na hapitwi. Nyuma kabisa yuko mtu mwenye pampu na vifaa, na hakuna anayebaki nyuma yake. Hao wawili wana simu, na namba zao kila mtu anazo. Kati yao tunajigawa vikundi vya watu sita hadi wanane, na kati ya kikundi na kikundi tunaacha nafasi ya lori kuingia, kwa sababu dereva asiyeweza kuwapita watu ishirini kwa mara moja atajaribu hivyo hivyo. Anayeona shimo ananyoosha kidole chini na kusema "shimo!", na kila mmoja anapitisha neno nyuma. Mkono juu ni kusimama. Anayesikia gari nyuma anasema. Hakuna kufunga breki ghafla, hakuna kuyumba kukwepa jiwe dogo, hakuna vipokea sauti masikioni. Na kila njia panda tunasubiriana, hata kama tunaona haya kusimama.

Yote haya unaweza kujifunza kwa Jumamosi mbili. Kisichofundishika haraka ni kukubali kungojea. Nimeona kijana mwenye baiskeli ya bei kali akirudishwa nyumbani siku ya kwanza kwa sababu alikuwa anatangulia kila kilima. Na nimeona mzee wa Kawangware, anayesambaza mkate madukani kila alfajiri kwa blackmamba yenye gia moja, akifika Naivasha bila kutoa jasho la ajabu. Yeye amezoea kusoma magari. Alikuwa akituambia "hiyo inataka kukata" kabla dereva hajawasha taa. Tangu siku hiyo namweka mbele tukiingia mjini.

Kwa hiyo swali la baiskeli gani, jibu langu ni hili: yenye breki mbili zinazoshika, tairi zisizo na nyufa, kengele, taa mbele na nyuma, na iliyopitia kwa fundi wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Gia zitakusaidia Kinoo. Helmeti ni lazima kwa kundi letu. Beba tyubu mbili za saizi yako, kwa sababu ya jirani haitakuingia, na reflekta ya kuvaa. Maji lita mbili. Chakula usipeleke cha ajabu. Ndizi, viazi vitamu na uji vimefikisha watu wengi kuliko zile peremende za kizungu.

Yule mzee wa mkate ananileta kwa jambo la mwisho kubwa. Sisi tukipita Waiyaki Way tunapita tukiwa ishirini, na reflekta, na mtu wa mbele na wa nyuma. Yeye anapita peke yake siku sita kwa wiki. Mwaka 2015 kaunti yetu ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, na humo imeandikwa kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ni sera nzuri, na tumeona matunda yake sehemu kadhaa za katikati ya jiji. Lakini asilimia hiyo haijifuatilii yenyewe. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti yafike bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi wasikilizwe. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Wenye maduka hufika, wenye matatu hufika. Waendesha baiskeli tunakuwa wawili, watatu. Mkija, msije na maneno ya jumla. Semeni: njia inakatika mahali fulani, mtaro hauna kifuniko mahali fulani, taa hazipo kutoka hapa hadi pale. Kundi lililotoka safari ya siku tatu lina orodha hiyo tayari, limeihisi kwa mikono na makalio, mniwie radhi akina mama.

Nimeulizwa pia hapo mlangoni, mtu akishindwa katikati afanyeje. Anapanda matatu. Kutoka Mai Mahiu au Naivasha ziko kutwa nzima, na baiskeli hufungwa juu. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa, toa gurudumu la mbele, funga cheni kwa karatasi isichafue mizigo ya watu, na umpigie simu yule wa nyuma umwambie umeondoka, asije akakaa barabarani akikungoja.