NYANGWE, MJI ULIOPITWA NA RELI

Hotuba ya Baraza la Wazee wa parokia, iliyosomwa baada ya Misa ya Yubile



Tumepewa kazi ya kusimulia habari za mahali petu. Tangu juzi wageni wetu wanatuuliza swali moja: «Nyangwe ile tuliyoisoma katika vitabu iko wapi?» Walitazamia kuona mji, nao wameona vijiji, mashamba ya mpunga na mto. Swali hilo halituchukizi, kwa maana hata watoto wetu wanatuuliza hivyo hivyo. Leo tutalijibu kwa ukweli wote, pamoja na mambo ambayo tungependa kuyanyamazia.

Mwanzo wetu ni mto na soko. Kabla ya mgeni yeyote kufika, Wagenya walikuwa wenye mto Lualaba na wenye mitumbwi, na watu wa bara walishuka kubadilishana nao: samaki kwa mihogo, vyungu kwa mafuta ya mawese, chumvi kwa nguo za majani. Wenye soko walikuwa akina mama. Siku ya soko hata vijiji vilivyogombana viliacha ugomvi nyumbani. Katika miaka ya 1860 wafanya biashara kutoka pwani, Waarabu na Waswahili, wakajenga hapa kituo chao wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Ndipo Nyangwe ikawa mji.

Mwisho wa mwezi wa Machi 1871 alifika David Livingstone. Alikaa miezi akiomba mitumbwi ya kuvuka, asipate. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mbegu za miti. Maandiko yale yalififia kabisa, hata wataalamu waliyasoma tena mwaka 2011 kwa msaada wa mianga ya namna nyingi. Ndani yake imo siku ya 15 Julai 1871. Siku hiyo watu kadiri ya 1,500 walikuwa sokoni, wengi wao wanawake. Watu wa wafanya biashara waliingia na bunduki, wakagombana juu ya bei ya kuku, kisha wakaanza kupiga risasi. Watu walikimbilia mitumbwi. Mitumbwi ikabanana katika kijito, na wengi wakajitupa mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka siku tano baadaye, amevunjika moyo.

Ndugu zetu, akina mama wale hawana kaburi wala jina katika kitabu chochote. Walikuja kuuza samaki na vyungu.

Baada yake walipita wengine. Cameron alipita mwaka 1874. Stanley alifika mwaka 1876 pamoja na Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake Kasongo. Stanley akafuata mto mpaka Boma, na kwa njia hiyo ilijulikana kwamba Lualaba ndio mto Kongo, wala si Nili kama Livingstone alivyodhani. Zamani zile Nyangwe na Kasongo ilikuwa miji miwili iliyotazamana kama ndugu.

Kisha ikaja vita ya Serikali ya Leopold na Waarabu. Tarehe 4 Machi 1893 askari wa Dhanis walivuka kwa mitumbwi ya Wagenya wakaitwaa Nyangwe. Kasongo ikaanguka tarehe 22 Aprili. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi lile, aliukadiria mji wetu kuwa na watu 30,000, naye aliandika kwamba baada ya muda mfupi ilibaki nyumba moja kubwa yenye boma. Soko la watumwa lilikwisha, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tusidanganyane: Bula Matari naye alidai pembe na mpira, na mizigo yake ilibebwa vichwani mwa babu zetu.

Sasa tufike kwenye reli, kwa maana hapo ndipo mji ulipotoka mikononi mwetu kabisa. Mto wetu ni njia nzuri, lakini imekatika katika sehemu nyingi. Kutoka Ubundu mpaka Kindu meli hupita. Juu ya Kindu kuna maporomoko. Kati ya Kibombo na Kasongo maji hutulia. Kisha ni maporomoko tena mpaka kule Kongolo, penye bonde jembamba walilolipa jina la Mlango wa Jehanamu. Nyangwe iko katika kipande kile kilichotulia, kilichofungwa juu na chini. Kampuni ya reli ya Maziwa Makubwa, iliyoanzishwa mwaka 1902, iliamua kukiruka kipande chote. Ikajenga njia ya kilomita 355 kutoka Kindu mpaka Kongolo, ikipita ng'ambo ya kushoto, kwa Kibombo na Samba. Mwaka 1911 njia ilikuwa tayari. Mwaka 1915 njia nyingine, ya kilomita 273, iliunganisha Kabalo na Kalemie, iliyoitwa Albertville. Wengi waliofanya kazi ile walichukuliwa kwa nguvu.

Sisi tuko ng'ambo ya kuume. Gari la moshi halikutufikia. Mfanya biashara hakuwa na sababu tena ya kulala Nyangwe. Mzigo wake ulipakiwa Kindu na kushushwa Kongolo. Kindu ilikua mpaka ikawa mji mkuu wa Maniema, nayo Maniema ikafanywa jimbo la peke yake mwaka 1988. Kasongo ilibaki na ofisi za Serikali, na tangu 1959 ni kiti cha Askofu. Nasi, tuliokuwa mwenzake wa Kasongo, tumekuwa vijiji vya pembeni yake. Mwenye barua kwa Serikali na mwenye mtoto wa kumpeleka shule kubwa hushika njia ya Kasongo.

Kuna watu husema: «Kama reli ingalipita kwetu, tungalikuwa matajiri.» Labda. Lakini wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003 gari zilinyamaza miaka mizima, na ndugu zetu wa vituo vya reli waliona majani yakiota kati ya vyuma. Wao walingoja gari, na sisi tulilima. Na sisi tuliwahi kuwa mji wa njia kabla yao, nasi tunajua njia ile ilichukua nini: ilichukua pembe, ikachukua watu, halafu ikahama.

Basi ni nini kilichobaki? Umebaki mpunga, uliofika pamoja na watu wa pwani, na ambao leo unalisha Maniema. Imebaki lugha hii tunayosali nayo, iliyokuja na misafara ile ile iliyofunga watu minyororo. Limebaki soko, na mama zetu bado ndio wenye soko. Tena tumebaki sisi wenyewe, wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa. Hilo ni neno zito, nasi tumelipima kabla ya kulisema mbele ya wageni. Katika shirika moja wako wenye babu aliyeshika bunduki na wenye bibi aliyeshikwa. Pengine ni nyumba moja. Nyumba moja huenda msikitini, nyingine kanisani, nao huzikana na kuoana. Lakini bado mtu akikasirika kilabuni humtupia mwenzake neno «mtumwa», na neno hilo huua urafiki wa miaka.

Kwa hiyo Baraza linaomba mambo matatu katika Yubile hii. La kwanza, kila tarehe 15 Julai isomwe Misa kwa ajili ya wale wa sokoni. Na wazee wa msikiti wametuahidi kufanya dua siku hiyo hiyo. La pili, walimu na vijana waandike katika daftari la parokia habari wanazozijua wakongwe wetu, pamoja na zile za aibu, kabla hazijazikwa. La tatu, neno lile la matusi likome, lianze kukoma kwetu tuliobatizwa.

Ninyi vijana mnaotaka kwenda Kindu au kwenye machimbo, hatuwafungi miguu. Nendeni, lakini mkiulizwa mmetoka wapi, msione haya kusema Nyangwe.

Baba Askofu, wageni wetu wapendwa, asanteni kwa kuvuka mto kuja kwetu. Gari halikufika hapa, lakini ninyi mmefika. Mungu awabariki, na marehemu wetu wote wapumzike kwa amani. Amina.