Upole wa Mbwa Si Chanjo

Hotuba ya afisa wa polisi wa uhusiano na jamii kwa wakazi wa Kafutuma, wilayani Nchelenge



Nawashukuru kwa kuacha nyavu na mianiko ya chisense mkaja kunisikiliza. Huenda mlitazamia nizungumze juu ya wizi au magendo. Leo nitazungumza juu ya mbwa. Wala si mbwa mkali, bali yule mdogo, mpole, alalaye mlangoni, ambaye watoto humvuta masikio naye asikasirike.

Mbwa wa namna hiyo si mgeni kwetu. Katika nchi ya Kongo kuna mbwa wa asili ambaye Waingereza walimchukua wakamwonyesha katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, mjini London, mwaka 1895. Walimwita teria wa Kongo. Baadaye aliitwa Basenji, jina lenye ukoo mmoja na neno letu "washenzi". Jina lina dharau, lakini mwenyewe ana heshima zake. Kimo chake begani ni kama sentimita 40, na uzito wake ni kama kilo 10. Nywele zake ni fupi, mkia umejikunja, na paji la uso lina makunyanzi kama la mzee awazaye jambo. Hujilamba akajisafisha kama paka. Habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji humfunga njuga shingoni wapate kujua alipo porini. Mbwa wa vijiji vyetu hubweka, lakini wengi wao wanafanana naye kwa umbo.

Kumtunza mbwa kama huyu hakuhitaji mali nyingi. Ahitaji maji safi, chakula, kivuli na nafasi ya kukimbia. Asifungwe kamba fupi kutwa nzima, kwa maana kifungo humtia ukali hata aliyezaliwa mpole. Mtoto naye afundishwe kutomgusa mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Zaidi ya yote, mbwa apelekwe kwa afisa wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa afikapo umri wa miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka. Hati ya chanjo itunzwe kama zitunzwavyo hati za mtumbwi. Nanyi mnaosafiri na mbwa mitumbwini, msimvushe mpaka kabla ya kuonana na ofisi ya mifugo, kwa kuwa ugonjwa huu hauulizi pasi ya kusafiria.

Ndugu zangu, wazee walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Mbwa mkali kila mtu humkimbia. Mbwa mpole hatiliwi shaka, na hapo ndipo penye hatari. Kichaa cha mbwa kina sura mbili. Ya kwanza mwaijua: mbwa hukimbia ovyo, huuma watu, mifugo, hata miti. Ya pili ni ya kimya. Mbwa hujitenga, miguu hulegea, taya huanguka, mate hutoka, naye hawezi kumeza. Mwenye mbwa humhurumia, akidhani amekwamwa na mwiba wa samaki, akatia mkono kinywani autoe. Mate yale yakikuta mchubuko mmoja tu, ugonjwa waweza kuingia. Basi mkimwona mbwa wenu mtulivu amebadilika hivi, msimguse. Watengeni watoto, kisha mwiteni afisa wa mifugo.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa, fanyeni haya kwa utaratibu. Kwanza, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, hata kama ni dogo. Pili, mpelekeni kliniki siku hiyohiyo apate chanjo, naye azimalize sindano zote alizoandikiwa. Msingoje dalili, kwa kuwa dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Tatu, ndipo mje polisi. Nasisitiza mpangilio huo: tusikuoneni kituoni na jeraha lisilooshwa. Taarifa yaweza kungoja, jeraha haliwezi.

Ama mbwa aliyeuma, ikiwa yawezekana bila hatari, afungiwe mahali salama, naye atazamwe kwa siku 10 chini ya uangalizi wa afisa wa mifugo. Msimuue kwa hasira na kumtupa ziwani, kwa maana mtakuwa mmetupa ushahidi ambao daktari anauhitaji. Wala msimpige mwenye mbwa, awe mwenyeji au mgeni. Nchini Zambia ipo Sheria ya Udhibiti wa Mbwa, Sura ya 247, na mwenye mbwa ana wajibu chini yake. Mwacheni ajibu mbele ya sheria. Nawe mwenye mbwa, usimfiche mnyama wako kwa kuogopa lawama. Ukimficha siku moja, huenda mtoto wa jirani akakosa chanjo kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kidonda chake kilitoka kwa mbwa mgonjwa.

Ziwa hili limetugawa katika nchi mbili, lakini mbwa hawaujui mpaka. Mpendeni mbwa wenu mdogo kwa upole wake, lakini msiufanye upole wake kuwa chanjo. Kesho asubuhi kila mmoja aitazame hati ya mbwa wake. Asiyekuwa nayo, aanze safari ya kwenda ofisi ya mifugo.