Mshahara wa Jaji ni Ngao ya Mwananchi

(Hotuba ya wakili mbele ya wanaharakati na waumini)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi hudhani linawahusu majaji peke yao, yaani mishahara yao. Nasema ni jambo lenu. Mjane aliyenyang'anywa shamba na mkubwa wa serikali hana askari wala fedha. Tumaini lake ni moja tu: kwamba aketiye katika kiti cha hukumu hamwogopi mkubwa huyo. Na njia za kumtia jaji hofu ni mbili, kumfukuza kazi na kumkaba riziki.

Njia ya kwanza tumeionja. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliibadili Katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, baada ya wanasheria na viongozi wa makanisa kupaza sauti.

Njia ya pili haina kelele. Tazameni jimbo la New York, Marekani. Tangu mwaka 1999 majaji wa jimbo hilo walikaa zaidi ya miaka kumi bila nyongeza. Hakuna aliyewakata hata senti moja. Bei za vitu ndizo zilizowakata. Nyongeza yao ilikwama kwa sababu wanasiasa waliifungamanisha na nyongeza ya wabunge na mivutano mingine. Februari 2010 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba kufanya hivyo ni kuvunja mgawanyo wa mamlaka. Tume ikaundwa, na kuanzia Aprili 2012 mshahara wa jaji wa kesi za kawaida ukapanda kutoka dola 136,700 hadi 160,000 kwa mwaka.

Basi nani apange mshahara wa jaji? Si jaji mwenyewe, kwani mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wala si mbunge au waziri, ambaye kesho huenda akasimama mbele ya jaji huyo huyo kama mshtakiwa. Katiba yetu ya mwaka 2010 imejibu vyema. Ibara ya 160 yasema malipo ya majaji yatoke moja kwa moja katika mfuko mkuu wa taifa, na yasibadilishwe kwa njia ya kumdhuru jaji. Ibara ya 230 imeipa Tume ya Mishahara na Marupurupu kazi ya kuyapanga na kuyapitia mara kwa mara, ikizingatia uwezo wa nchi, haja ya kupata na kudumisha watu wenye ujuzi, uwazi na haki.

Hata hivyo, Ibara ya 160 yawataja majaji, haiwataji mahakimu. Mahakimu ndio mwananchi wa kawaida hukutana nao kwanza, katika kesi za mashamba, matunzo ya watoto na wizi wa kuku. Mshahara wao hupangwa na Tume hiyo hiyo, lakini ngao ile hawana. Nyumba haiwi imara kwa paa peke yake.

Najua mtaniuliza: mwalimu na muuguzi je, nao hawana njaa? Wanayo, na madai yao ni ya haki. Sidai anasa kwa jaji. Wala sisemi kwamba mshahara mnono huponya tamaa. Mwaka 2003 majaji 23 walitajwa katika ripoti ya ufisadi mahakamani, na mwenye tamaa hata ukimlipa mara kumi atanyosha mkono. Mshahara wa haki humwondolea mwaminifu kishawishi na humwondolea mwovu kisingizio. Yaliyobaki ni kazi ya nidhamu na sheria.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, mapitio ya mishahara yafanywe kwa wakati na hesabu zake zitangazwe kwa lugha tunayoielewa. Pili, mahakimu wapewe ulinzi kama wa majaji. Tatu, mwanasiasa yeyote atakayetishia fungu la mahakama kwa sababu ya hukumu iliyomchoma, apingwe hadharani, hata akiwa wa chama chetu.

Hapo ndipo tutakapopimwa. Kumtetea jaji aliyetupa ushindi ni rahisi. Tumtetee na yule aliyetushinda kwa haki.