Kunyamaza Si Kutoa



Baada ya somo letu juu ya Amri ya Tano, mama mmoja mjane alitujia na ulizo. Mwanawe anakaa Bruxelles miaka mingi. Mama ameambiwa kwamba huko mtu akifa hospitalini, waganga waweza kutwaa moyo wake au figo zake, ingawa hakuwapa ruhusa. "Je, watamwiba mwanangu?"

Tulimjibu: Mama, si wizi, lakini si neno dogo. Ubelgiji ilitunga sheria tarehe 13 Juni 1986. Kila mtu aliyeandikwa katika daftari la wakaaji, hata mgeni aliyeandikwa zaidi ya miezi sita, huhesabiwa kuwa amekubali, isipokuwa ametangaza kwamba akataa. Kwanza waganga watatu wathibitishe kwamba amekufa kweli, wala wasiwe wale watakaotwaa kiungo au wanaomtibu atakayekipokea. Zamani jamaa waliweza kukataza. Mwaka 2007 haki hiyo iliondolewa katika sheria.

Eklezya yasemaje? Haikatazi kutoa viungo. (Wengine huuliza: atafufukaje bila figo? Wafiadini walioliwa na simba watafufukaje?) Papa Pio XII alinena tarehe 14 Mei 1956 juu ya macho ya wafu kuwaponya vipofu. Hakuona dhambi, ila alitaka haki na huzuni ya jamaa ziheshimiwe. Nayo Katekisimu ya Eklezya Katoliki, namba 2296, yaita tendo hilo jema na lenye mastahili. Lakini yasema halikubaliki ikiwa mwenyewe, au jamaa wenye haki, hawakuridhia waziwazi.

Waziwazi! Hapo ndipo tunapoachana na sheria ile. Tunajua sababu yake: wagonjwa wengi hungoja kiungo na kufa wakingoja, na anayekataa aachwa huru. Lakini mtu aweza kunyamaza kwa kuwa hakuelewa karatasi za komini, au kwa kuwa nyumbani mwake kifo hakitajwi, kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi. Huyo ametoa nini?

Basi tulimsaidia mama kuandika barua. Hakumwagiza mwanawe akubali, wala akatae. Alimwandikia: "Nenda komini, useme neno lako mwenyewe, liandikwe, kisha unijulishe ulilosema, nami nisilijue kwanza kinywani mwa mganga."

Barua ilikwenda juma lililopita.