Friji Haitengenezi Baridi

Msikilizaji, pitisha mkono nyuma au ubavuni mwa friji yako. Unahisi joto? Sehemu kubwa ya joto hilo imetoka ndani, kwenye maziwa na samaki uliowahifadhi. Friji haitengenezi baridi. Friji inatoa joto.

Inafanyaje? Ndani ya mabomba yake membamba kuna kimiminika maalumu. Kikifika upande wa ndani kinageuka mvuke, na kinapogeuka kinanyonya joto. Ni kama ile spiriti ya muuguzi kabla ya sindano: inakauka, ngozi inapoa. Kisha kompresa, ile mashine inayonguruma chini, inaugandamiza mvuke. Mvuke unapata moto, unapita mabomba ya nje, unaachia joto hewani, unarudi kuwa kimiminika. Safari inaanza tena.

Sasa ukiibana friji ukutani, joto litokee wapi? Mashine itanguruma kutwa, umeme wa luku utakwisha, na samaki wataharibika vilevile.

Kwa hiyo isogeze. Iache ipumue. Chomoa waya, kisha futa vumbi la nyuma kwa kitambaa kikavu. Chakula kinachotoa mvuke kipoe kwanza kabla ya kukiweka ndani.

Na barafu ikijaa, tafadhali sana, usiikwangue kwa kisu! Bomba limepita papo hapo, nyuma ya barafu. Likitoboka, gesi yote, yaani ule mvuke, inatoka, na katika friji nyingi za siku hizi gesi hiyo inaweza kuwaka moto. Zima friji, acha mlango wazi, tandika kitambaa chini. Barafu itayeyuka yenyewe.

Kumbuka: friji inatoa joto. Ipe nafasi ya kulitoa.