Chumba cha Wachoraji Mtaani
Mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Nairobi



Katika mitaa mingi ya Nairobi kuna chumba ambacho watu hukipita kila siku bila kujua kinafanya nini. Mlango u wazi, ndani mna harufu ya rangi na tapentaini, picha zimeegemezwa ukutani, na vijana watatu au wanne wameinama juu ya shughuli ambayo jirani haihesabu kuwa kazi. Mama akimtuma mtoto dukani humwambia asisimame hapo. Mazungumzo haya yanahusu chumba hicho: nani anakilipia kodi, kinauletea mtaa nini, na kwa nini ni rahisi sana kipotee.

Mfano wa kwanza uko Kibera. Mwaka 2001, vijana wawili waliokuwa wakiandika mabango ya maduka, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kundi la Maasai Mbili. Jina hilo lina kichekesho chake, kwani hakuna Mmaasai kati ya hao wawili. Walikuwa wakijifunga shuka za Kimaasai wanapozunguka kutafuta kazi, ili watu wageuke kuwatazama. Biashara ya mabango inamtaka mtu aonekane kwanza.

Kazi hiyo ya mabango ndiyo iliyokuwa shule yao, na ni shule ngumu kuliko inavyodhaniwa. Anayeandika "Kinyozi" kwenye ukuta wa mabati hana nafasi ya kukosea herufi, maana rangi imenunuliwa kwa kipimo na mwenye duka amesimama nyuma yake. Lazima apime kwa jicho neno lote litakaa vipi kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Kichwa anachokichora lazima kimvutie mteja aingie kunyolewa. Kijana aliyefanya hivyo miaka mitatu ameshajua mizani, rangi na uso wa mtu, hata kama hajawahi kukaa katika darasa la sanaa. Akikosa pesa za turubai huchora juu ya mbao, gunia au kipande cha bati.

Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera iliumia sana. Wakati huo msanii Solomon Muyundo, anayejulikana zaidi kwa jina la Solo 7, alizunguka akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, milango na mabati. Alitumia ujuzi uleule wa bango la duka, herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali. Siku ambazo watu waliogopa kuvuka njia kwenda upande wa pili, maandishi hayo yalikuwa pande zote.

Mfano wa pili uko Lunga Lunga, katika Mukuru. Huko kuna Wajukuu Art Project, kundi lililoanzishwa na wasanii vijana wa hapo mwaka 2004. Jina lake linaonyesha wanamfikiria nani. Pamoja na kuchora na kuchonga, kundi hili limekuwa likifundisha watoto wa mtaa sanaa, na wapo watu wazima wanaojua Wajukuu kama mahali mtoto anapokwenda mwisho wa wiki badala ya kuzurura kando ya barabara ya viwanda. Kwa mzazi anayefanya kazi ya kibarua siku sita, hilo si jambo dogo.

Mwaka 2022 Wajukuu walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, mojawapo ya maonyesho makubwa ya sanaa duniani, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka mitano. Safari hiyo waandalizi walikuwa kundi la wasanii kutoka Jakarta liitwalo ruangrupa, na badala ya kualika zaidi msanii mmojammoja, walialika makundi. Neno walilolitumia kuongoza kazi yao lilikuwa lumbung, yaani ghala la mpunga ambalo kijiji kizima huweka humo mavuno ya ziada na kugawana. Mtu wa chama cha akiba mtaani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Wajukuu walijenga mlango wa kuingilia ukumbi kwa mabati yenye kutu, ukawa kama njia nyembamba ya giza. Wageni wa Ulaya walilazimika kupita humo kabla ya kuona kazi nyingine. Ndani kulikuwa na kazi ya Ngugi Waweru iliyoundwa kwa visu vingi vilivyokwisha kwa kunolewa. Mwaka huohuo kundi hilo lilipewa Tuzo ya Arnold Bode, inayotolewa kwa heshima ya mwanzilishi wa documenta. Bati ambalo hapa nyumbani huonwa kama alama ya unyonge lilitosha kusimama mbele ya ulimwengu bila kupakwa rangi mpya.

Hata hivyo, tuzo hailipi kodi ya kila mwezi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Picha inaweza kukaa miezi bila mnunuzi, halafu mbili zinunuliwe wiki moja. Hakuna kijana mmoja anayeweza kukodi chumba kwa mapato ya namna hiyo. Wanane wanaweza. Mmoja akiuza, huacha sehemu ya pesa kwa kundi. Mwingine akipata kazi ya kupaka matatu, huja na rangi iliyobaki. Asiye na kitu wiki hiyo hufagia, husaidia watoto, na brashi za wenzake humpa mkono wake kazi. Ugomvi upo pia, na si mara moja. Watu hugombana juu ya nani amemaliza rangi nyeupe, nani amechukua mteja wa mwenzake, na nani jina lake limeandikwa juu zaidi kwenye tangazo la maonyesho. Kundi lisilo na daftari la mapato na matumizi huvunjika kwa mambo hayo kabla halijavunjwa na njaa.

Lipo jambo la sheria ambalo limewaumiza wengi kimyakimya. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi ya sanaa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande hizo mbili zimekubaliana vingine. Kijana aliyechora ukuta wa kampuni asishangae kuiona picha yake kwenye kalenda na fulana bila kulipwa tena. Dawa yake ni karatasi moja iliyotiwa sahihi kabla ya kopo la rangi kufunguliwa, ikisema picha itatumika wapi na nani atabaki na haki. Kazi zenyewe zinaweza kusajiliwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Baada ya karatasi huja ardhi. Sehemu kubwa ya Mukuru imekaa juu ya ardhi ambayo hati zake ziko mikononi mwa watu wengine, na wanaoishi hapo hawana uhakika wa kesho. Mlango wa mabati wa Kassel ulijengwa kwa ajili ya maonyesho, na ulipokwisha kazi ungeweza kufunguliwa msumari kwa msumari. Chumba cha mtaani hakihamishiki hivyo. Kikibomolewa, picha zaweza kubebwa kwa mkokoteni, lakini watoto waliozoea kufika hapo kwa miguu hawabebeki, na kundi lililotawanyika mitaa mitano halirudi kuwa kundi.

Agosti 2017, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi walishirikishwa, na moja ya makundi ya kazi lilipewa elimu, vijana na utamaduni. Kwa hiyo utamaduni uliandikwa kwenye meza ya mpango tangu mwanzo. Kinachobaki ni wenye vyumba hivi kuhakikisha kwamba barabara, bomba la maji na zahanati zinapochorwa kwenye ramani, chumba cha sanaa hakihesabiwi kuwa kibanda tu kilichosimama njiani. Ramani haiwezi kuonyesha kitu ambacho wachoraji wa ramani hawakuambiwa kipo.

Jedwali la Nne la Katiba linaweka shughuli na majumba ya utamaduni, pamoja na maktaba, chini ya kaunti. Makundi mengi hayajatumia mlango huo, pengine kwa kudhani kwamba bajeti ni mambo ya barabara. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya makadirio kupitishwa, kamati ya bajeti ya bunge la kaunti huwasikiliza wananchi. Ombi la vijana wa sanaa si lazima liwe la jengo jipya. Ukumbi wa kijamii uliokaa bila kazi siku nne kwa wiki una paa, choo na mlango unaofungwa.

Anayekwenda kuomba ukumbi kama huo aende na cheti cha usajili wa kundi kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, daftari la fedha, na orodha ya watoto wanaofundishwa na siku zao. Na aende na picha mbili tatu, zisiwe kwenye simu. Ziwekwe mezani zionekane.