Kimulimuli Si Cheo

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye semina ya vijana wa jimbo letu. Nimeondoa vicheko na makelele ya ukumbini, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.



Nimepewa nusu saa niongelee vijana na utawala wa sheria. Mada yenyewe ni kubwa, ukiishika yote inakuponyoka. Nimeona niishike kwenye kipande kidogo ambacho kila mmoja humu ndani amekiona wiki hii: ile taa nyekundu na buluu inayowaka na kuzima kwenye grili ya gari la mtu binafsi. Kimulimuli. Na kaka yake, king'ora.

Mnaijua hali ya Morogoro Road saa kumi na moja jioni. Foleni imelala kuanzia Magomeni mpaka Kimara. Mara nyuma unasikia wiu wiu. Daladala linajibana, bodaboda inarukia mtaroni, konda anapiga bodi, "Mpishe mkubwa, mpishe mkubwa!" Inapita Prado nyeusi, vioo vyeusi, hakuna gari la polisi mbele wala nyuma yake. Ukiangalia namba, ni T kama ya kwako, namba ya njano ya raia. Mwingine haridhiki hata na hapo, anaingia kwenye njia ya mwendokasi, anawasha kimulimuli, anaambaa. Ndani ya basi la mwendokasi kuna watu zaidi ya mia wanasubiri mtu mmoja anayewahi kikao cha harusi.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitumia ni ya mwaka 1973, Sura ya 168. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini msingi wake kwenye jambo hili haujabadilika na ni mwepesi kuelewa. King'ora na kimulimuli ni vya magari ya dharura: polisi, zimamoto, gari la wagonjwa, pamoja na misafara ya viongozi wa kitaifa inayoongozwa na polisi. Ukiona hayo, unapisha. Huna hiari. Raia hana ruhusa ya kujifungia kifaa hicho, awe na fedha kiasi gani. Zile taa za njano zinazozunguka juu ya greda au gari la kuvuta magari mabovu zina kazi yake, wala sizo ninazozisema hapa.

Kwa hiyo mtu asituambie sheria haipo. Ipo, na kila baada ya muda Kikosi cha Usalama Barabarani kinatangaza operesheni. Vimulimuli vinang'olewa, vinapangwa chini, vinapigwa picha, magazeti yanaandika. Miezi miwili baadaye vimerudi barabarani. Kwa nini? Duka la vipuri vya magari linaviuza mchana kweupe, fundi umeme anavifunga chini ya mti kwa nusu saa, na askari wa barabarani anayeona Prado ile anajiuliza swali moja tu: huyu ni mtoto wa nani? Akikosea kumsimamisha, kesho anaamkia kituo cha mbali. Tumuelewe yule askari jamani. Tunamlaumu sana, lakini tumemwachia mzigo ambao wakubwa zake hawautaki.

Wafilipino wamepita njia hii hii, na tarehe zao zinashangaza. Januari 1973, mwaka uleule wa sheria yetu, Rais Ferdinand Marcos alisaini amri namba 96 iliyokataza ving'ora na taa za kumulika kwenye magari ya watu binafsi. Aliacha majeshi, polisi, zimamoto, magari ya wagonjwa na vyombo vingine vichache vya dola. Ukikamatwa, kifaa kinachukuliwa. Kumbukeni huyo Marcos alikuwa ametangaza utawala wa kijeshi miezi minne tu kabla. Hakuwa mtu wa haki za raia hata kidogo! Lakini dikteta naye alijua kwamba kila tajiri akipiga king'ora, king'ora cha serikali kinakuwa hakina maana.

Amri ikakaa kwenye karatasi. Wakubwa wakaendelea kupiga ving'ora Manila miaka na miaka, mpaka wananchi wakawapa jina, wang-wang, kwa mlio wake. Halafu tarehe 30 Juni 2010 Benigno Aquino wa Tatu akaapishwa kuwa rais, na katika hotuba yake ya kwanza kabisa akasema wang-wang basi. Hakuwa na haja ya kuandika sheria mpya. Gari lake lenyewe likaanza kusimama kwenye taa nyekundu kama la mtu yeyote, na hapo trafiki wa Manila akapata ubavu wa kumsimamisha mbunge. Sasa sikilizeni mwisho wake. Machi 2024, Marcos mtoto, ambaye naye ni rais, ilimbidi atoe agizo jingine kuwakataza maofisa wa serikali kutumia ving'ora. Maana yake vilikuwa vimerudi. India nao walianza na Mahakama ya Juu kuvibana vile vimulimuli vyekundu Desemba 2013, lakini vilikuja kuondoka kweli tarehe 1 Mei 2017, pale serikali ilipoviondoa mpaka kwenye gari la waziri mkuu na la rais.

Hayo ya heshima na majivuno tuyaache sasa, kwa sababu yangekuwa hayo tu nisingewapotezea asubuhi. Mtu akitaka kujikweza barabarani, muda utamfundisha.

Linaloniuma ni hili. Kimulimuli ni amri. Kinakwambia simama, au kaa pembeni, na wewe unatii kabla hujamwona aliyekuamuru. Unatii kwa sababu umeamini nyuma ya taa ile kuna dola, kuna kituo chenye jina, kuna kitabu cha taarifa ambacho jina lako litaandikwa. Siku kifaa hicho kikiuzwa dukani kwa yeyote mwenye fedha, pamoja na pingu, redio ya mkononi na jaketi la mfano wa polisi, raia amenyang'anywa uwezo wa kumtofautisha askari na jambazi. Kanuni ya Adhabu inasema kujifanya mtumishi wa umma ni kosa la jinai. Vizuri. Lakini saa nne usiku, barabara ya Bagamoyo, uko peke yako na gari limekuzibia mbele, Kanuni ya Adhabu haipo kwenye kiti cha abiria.

Na sisi wa upinzani hatulizungumzii hili kama hadithi. Tarehe 6 Septemba 2024 Mzee Ali Mohamed Kibao wa Chadema alikuwa kwenye basi la kwenda Tanga. Watu wenye silaha walilizuia basi lile Tegeta, wakamshusha mbele ya abiria wakiwa na pingu. Kesho yake mwili wake ulikutwa Ununio. Rais mwenyewe alilaani na kuagiza uchunguzi. Mimi leo siongelei nani alifanya. Nawauliza swali la abiria: ungekuwa umekaa kiti cha nyuma ya mzee yule, ungejuaje kama waliopanda ni askari au si askari? Ungesimama kuhoji? Tumezoeshwa kwamba gari bila namba linaweza kuwa la dola, na kwamba mtu asiye na sare anaweza kuwa askari. Ukishazoea hivyo, mtekaji hahitaji hata kujificha.

Ndiyo maana mimi nadai usafi pande mbili. Raia avue kimulimuli, na dola nayo ivae utambulisho wake. Gari la polisi liwe na namba ya PT inayosomeka. Anayekamata ajitaje jina na kituo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka amweleze mtu kosa analomkamatia pale pale anapomkamata. Huwezi kuwapiga faini wenye Prado kwa kujifananisha na polisi huku polisi wenyewe wanakuja na gari lisilo na namba, wakijifananisha na wasiojulikana.

Kuna kamanda hapa mbele aliniuliza nje, je, nikimulikwa usiku na gari nisilolielewa nikimbie? Hapana. Ukikimbia na kumbe ni polisi kweli, umejitafutia risasi. Punguza mwendo, washa hazadi aone umemsikia, endelea taratibu mpaka kituo cha mafuta au mahali penye watu na mwanga, ndipo usimame. Funga milango, teremsha kioo kidogo, omba kitambulisho na jina la kituo. Piga simu kwa mtu wako mkiwa bado mnaongea, mtaje mahali ulipo. Kwa adabu, shikamoo afande, bila kubishana. Akiwa askari wa kweli na mwenye nidhamu, hatachukia.

Kuna na watu wengine wanaoathirika ambao hatuwakumbuki. Dereva wa gari la wagonjwa anayemkimbiza mama mjamzito kwenda Muhimbili anapiga king'ora na hakuna anayempisha, kwa sababu dereva wa mbele ameshadanganywa mara tatu siku hiyo na mabwana harusi. Mtu wa zimamoto vivyo hivyo. Huyo mama hayumo kwenye foleni ya siasa yoyote.

Nimalizie kwenye nyumba yetu. Humu ndani kuna magari mawili ya msafara, nimeyaona asubuhi hapo nje, yana vimulimuli kwenye grili. Ni ya kwetu. Moja lina bendera ya chama. Najua yatakayosemwa: wenzetu wa chama tawala wanapiga ving'ora kwenye kampeni kutoka Mtwara hadi Kagera, hakuna anayewagusa, na sisi tukitembea kimya tunaonekana wanyonge. Mimi siafiki. Askari akitukamata kwa kimulimuli atakuwa sahihi, atatuzuia njiani saa tatu, na mkutano wetu utakufa kihalali kabisa. Kwa nini tuwape bure?

Kwa hiyo Mwenyekiti, natoa hoja. Kabla msimu wa kampeni haujaanza, kila gari litakaloingia kwenye msafara wa jimbo likaguliwe na katibu wa vijana na fundi, kimulimuli na king'ora ving'olewe, na asiyetaka abaki na gari lake nyumbani. Spika za matangazo zibaki, hizo tunaziombea kibali chake. Fundi yupo, amekaa pale mlango wa nyuma na bisibisi yake. Naomba ijadiliwe kabla ya chakula.